Kitambaa cha Dhahabu cha Wamongolia

Juzi, baada ya chakula cha usiku, shemeji yangu alisema jambo ambalo nimelisikia mara nyingi: kwamba Wamongolia waliua watu wengi, lakini walifungua njia za biashara. Sikuwa na ugomvi na nusu yoyote ya kauli yake. Kilichonikera ni hiyo "lakini", kana kwamba mauaji yamewekwa kwenye kitanga kimoja cha mizani na biashara kwenye kingine, ilhali yote mawili yalitendwa na watu wale wale, na pengine siku ile ile.

Vita vyao vikubwa katika nchi za Kiislamu vilitokana na msafara wa biashara. Mwaka 1218 Genghis Khan, mtawala wa Wamongolia, alipeleka wafanyabiashara katika dola ya Khwarazm, dola ya Kiislamu ya Asia ya Kati, nao walipofika Otrar, mji uliokuwa karibu na mto Syr Darya katika Kazakhstan ya leo, liwali aliwatuhumu kuwa wapelelezi, akawaua na kutwaa mali yao. Mwanahistoria Juvayni anasema walikuwa 450, wote Waislamu, na kwamba aliyenusurika ni mtu mmoja tu. Khan alipotuma ujumbe kudai haki, mkuu wa ujumbe huo naye akauawa. Kwetu tunasema mjumbe hauawi. Kwa Wamongolia hilo halikuwa na msamaha. Kufikia mwaka 1221, miji ya dola hiyo, Bukhara, Samarkand, Merv na Nishapur zote zilikuwa zimeanguka.

Juvayni anataja maiti zaidi ya 1,300,000 katika Merv peke yake. Sioni mji wowote wa zama zile uliowezekana kubeba idadi hiyo, na ifahamike kwamba Juvayni mwenyewe aliwatumikia Wamongolia na baadaye wakamfanya liwali wa Baghdad. Watawala wanaotaka miji ijisalimishe bila vita hawakosi faida katika tarakimu za kutisha. Mimi hushtuliwa zaidi na tarakimu yake ndogo: katika Merv, anasema, mafundi 400 walichaguliwa na kuachwa hai. Katika Samarkand waliotengwa ni 30,000, wakagawiwa wana na jamaa wa Khan kama zinavyogawiwa ng'ombe za mahari.

Fundi hakuachwa kwa huruma. Wafumaji wa Samarkand na Herat walihamishwa mbali kuelekea mashariki, na huko wakaendelea kufuma nasij, kitambaa cha hariri kilichopitishwa nyuzi za dhahabu, ambacho wakuu wa Kimongolia walikivaa, wakakitoa kama zawadi na kukipambia mahema yao. Vitambaa vya namna hiyo vilifika hadi Ulaya, vikaitwa vya Kitatari, na orodha ya hazina ya Papa iliyoandikwa mwaka 1295 inavitaja kwa wingi. Tunapoisifu biashara ya Wamongolia, hicho ni mojawapo ya bidhaa tunazozisifu, na mikono iliyokifuma ilianza kama mateka.

Msafiri mmoja aliziona pande zote mbili, naye si mgeni kwetu: Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Miaka michache baadaye alipita Balkh, katika Afghanistan ya leo, zaidi ya miaka 100 tangu uvamizi, akaukuta mji hauna watu, ingawa majengo yake yalikuwa imara kiasi kwamba anayeyatazama angedhani wenyewe wamo ndani. Aliambiwa kwamba Genghis Khan alibomoa theluthi ya msikiti kwa kuwa alisikia pana hazina chini ya nguzo mojawapo, na hakupata kitu.

Baadaye anaeleza safari yake ya China, iliyokuwa bado chini ya wazao wa Khan huyo huyo. (Wapo wanaotilia shaka kwamba alifika huko; mimi naona maelezo yafuatayo yana harufu ya mtu aliyelala katika nyumba za wageni za huko.) Anaisifu kuwa nchi salama kuliko zote kwa msafiri. Katika kila kituo palikuwa na nyumba ya wageni, na jioni ofisa alikuja na karani wake, akaandika majina ya wote waliolala humo, akapiga muhuri na kufunga mlango. Asubuhi alirudi, akaita majina mmoja baada ya mwingine, kisha akawapa mtu wa kuwafikisha kituo cha mbele, ambaye alipaswa kurudi na hati kuthibitisha kwamba wote wamewasili.