Mtindi wa kwenye hotpoti ulivyoniokoa, mimi dereva niliyezoea kubana

Nimeendesha basi la Mbeya–Dar miaka 27 na ugonjwa wangu niliutafuta mwenyewe. Abiria wakipiga kelele "dereva, kuchimba dawa!" nilikuwa nasimamisha, wao wanaingia porini, mimi nimebaki kwenye usukani nabana haja. Nabana Makambako, nabana Kitonga, nabana Mikumi mpaka Dar. Mwili ukaona huyu mzee hasikii, ukaacha kuniita. Nimestaafu nina miaka 66, siku nne siku tano sijapata choo, tumbo limejaa kama tairi la mbele.

Sasa ushauri. Kijiweni kila mtu daktari, huyu sanamaki, yale majani ya kuharisha, yule mafuta ya nyonyo vijiko viwili kabla ya kulala. Sanamaki inafanya kazi sikatai, ila niliinywa kila siku karibu mwezi mzima, nikiikosa siku moja hamna kitu, na siku niliyozidisha nilishinda chooni nimeshika ukuta. Mwanangu akaja na vidonge vya bakteria wazuri, wanaviita probayotiki, kikopo kidogo elfu sitini na kitu. Nikavimeza vikaisha. Kilicholainika ni mfuko wake tu.

Daktari mmoja kijana ndo alinisikiliza. Akaniuliza kama naona damu au nimekonda, nikasema hapana, akaangalia dawa zangu za presha akasema hii moja nayo inafunga choo, akanibadilishia (msiache dawa ya presha kwa akili zenu halafu mseme mzee wa basi ndo katutuma). Akamalizia, mzee wangu, tembea, kunywa maji, kula mtindi usio na sukari. Nikajua ananifukuza kistaarabu.

Wa dukani karibu wote una sukari, nikasema natengeneza mwenyewe. Maziwa huku kwetu Uyole, Mbeya, si shida, lita elfu mbili hivi kwa jirani. Nikachemsha, yakiwa yanatokota vile vile nikatia vijiko vya mtindi wa dukani usio na sukari, ndo mbegu, nikafunika. Asubuhi nakuta maziwa ya chai. Nimewaunguza wote, wale wadudu wanaogandisha mtindi! Mara ya pili nikayaacha yapoe kabisa, na ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya huku mnaijua, wadudu wakalala usingizi. Siku ya tatu yananuka, nikampa mbwa, akanusa akaondoka zake. Jirani akasema acha mabichi yagande yenyewe, nikamkatalia, yeye mwenyewe alishaugua brusela, ugonjwa wa maziwa mabichi, homa za kuja na kuondoka miezi.

Ndo nikaiona hotpoti ya wali, ile ya wageni. Nikachemsha maziwa, nikayaacha mpaka nikaweza kuingiza kidole na kuhesabu kumi bila kutukana. Hotpoti nikaisuuza na maji ya moto, nikamimina, mbegu vijiko vitatu, nikafunga, nikaiviringisha kwenye koti langu la safari za usiku. Mama Neema akaingia jikoni, "Baba Neema, hotpoti yangu inaumwa nini mpaka umeivalisha koti?" Nikamwambia usiguse. Asubuhi nikaifungua mbele yake, nikaiinamisha, wala hayakutikisika. Nikachota kijiko, pakabaki shimo. Nilitamani kupiga honi.

Wiki ya kwanza tumbo linaunguruma na gesi sitasema, ila kanisani nilihamia benchi la nyuma karibu na mlango. Ikapita. Anza na nusu kikombe, mimi nilianza na bakuli. Na hao wadudu nao wanakula, wape maharage, parachichi, makande, sio ugali wa sembe tu kila siku. Mbegu natunza kutoka kwenye mtindi wangu, ikifika mara ya tano ya sita inakuwa kali mno nanunua nyingine.

Kutembea ni alfajiri nusu saa, narudi nakunywa chai ya moto, baada ya robo saa naingia chooni niitwe nisiitwe, miguu juu ya kigoda, magoti yapande. Kama basi la saa kumi na mbili, abiria wawepo wasiwepo linaondoka. Mwezi wa tatu mvua ilinifungia ndani wiki mbili, mtindi nakunywa kila siku lakini matembezi hakuna, choo kikagoma tena siku nne. Kwa hiyo kile kidaktari kilikuwa hakinifukuzi. Nikanunua mwamvuli.

Siku hizi vijana wa basi wakinipita barabarani alfajiri kondakta anatoa kichwa, "Shikamoo mzee, tusimame uchimbe dawa?" Nawaambia endeni tu, nachimba nyumbani, saa moja kasorobo.