Siku moja maishani mwangu: mkulima na muuza maharage ya asili, Uyole

Saa kumi na moja alfajiri niko shambani. Ni Juni, baridi ya Mbeya inauma vidole, lakini maharage yaliyokauka hung'olewa umande ukiwa bado. Jua likipanda, maganda hupasuka mkononi na punje zikabaki ardhini. Leo nang'oa kablanketi, yale ya madoa ya zambarau, mbegu niliyorithi kwa bibi. Natandaza kwenye turubai, nawanywesha watoto chai, wanaenda shule.

Saa mbili sokoni. Napanga kablanketi, soya njano na mchanganyiko. Wapita njia wanadhani kazi yangu ni kujaza sado, kopo la kupimia, tu.

Saa nne akaja mama mmoja wa mgahawa, kanga kaifunga kwa hasira.

"Dada, maharage yako ya juzi hayaivi! Yamemaliza mkaa wangu wote."

"Pole mama. Uliyaloweka?"

"Usiku kucha."

"Na nyanya uliweka wakati gani?"

"Nilibandika vyote pamoja. Wateja wangu wanakula saa sita, nisubiri nini?"

Nikamweleza kwamba nyanya ina asidi, na asidi huchelewesha harage kulainika. Hakutaka kusikia. Akapaza sauti kwamba nimechanganya maharage ya mwaka jana, na wateja wawili wakarudisha sado zao chini. Hilo liliniuma. Maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto huwa magumu kweli, ndiyo maana ya zamani siyaleti sokoni.

Nikamwambia, "Mama, kaa hapa." Nilikuwa na kablanketi nilizoloweka jana kwa chakula changu. Nikamwaga maji, nikagawa kwenye sufuria mbili, moja nikatia nyanya. Moto mkali kwanza, maana harage bichi lina sumu inayoondoka kwa kuchemka hasa, kisha nikapunguza. Akakaa akilalamika: mara sado imebonyea, mara kwa jirani wanaweka kilima, mara kwa nini nisitie magadi yakaiva upesi. Magadi hulainisha, lakini huharibu ladha na vitamini B1. Huku nauza, huku naongeza mkaa, huku najibu. Mchana ulipita sikutazama simu. Mgongo ulikuwa unawaka.

Hatimaye nikampa punje za sufuria isiyo na nyanya aziminye. Zikawa uji. Za sufuria ya pili zilikuwa bado na kiini kigumu. Alinyamaza. Nikaunga kwa kitunguu na nyanya, akala sahani nzima, mchuzi mzito wenyewe bila kusaga kitu. Akanunua sado mbili, na bado akadai nyongeza. Nilimpa.

Jioni kupura kwa fimbo, vumbi puani, hadi mikono inakufa ganzi.

Usiku ndiyo kazi nisiyoiachia mtu: kuchagua mbegu. Napanda pia Uyole 96, aina ya maharage kutoka kwa watafiti wa hapa jirani, inazaa vizuri. Lakini kablanketi hii hakuna duka linalonitunzia. Maua ya maharage hujichavusha yenyewe, kwa hiyo nikichagua vizuri, nitavuna ileile. Zenye tundu, zilizosinyaa na zilizotoka kwenye maganda ya mabaka meusi natoa, maana ugonjwa huo husafiri ndani ya mbegu. Nzuri nachanganya na majivu makavu dhidi ya wadudu, nafunga ndoo, naandika kwa chaki "Machi", mwezi wa kuipanda.

Kisha naloweka kablanketi nyingine. Yule mama amesema kesho anamleta mpishi wake aje aone.