Nilivyotengeneza programu ya oda pamoja na mafundi cherehani

Programu nyingi za kupanga kazi zimemfikiria mtu wa ofisini, mwenye meza, kalenda na vikao. Mimi nilitaka ya fundi cherehani wa Dar es Salaam, ambaye oda zake zinaingia kwa simu, kwa mteja aliyesimama mlangoni, na kwa shangazi aliyepita asubuhi akaacha mfuko wa vitenge. Kwa hiyo kabla sijachora hata skrini moja nilifungua kundi la WhatsApp, nikaingiza mafundi wa Kariakoo, Sinza na Mbagala, nao wakaongeza wenzao.

Dodoso nililolirusha lilijibiwa na wachache, tena kwa ndiyo na hapana. Kilicholichangamsha kundi ni sauti. Niliwaomba wanisimulie jana yao ilikwendaje, tangu kufungua kibanda hadi kufunga. Ukimuuliza mtu anataka programu ifanye nini, atakutajia alichokiona kwenye programu nyingine. Muulize ni kazi gani iliyomkwamisha jana, atakueleza mpaka rangi ya uzi.

Fundi mmoja wa Mbagala akatuma picha ya daftari lake. Kila mteja ana ukurasa wake: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, kianzio alichotoa, na pembeni kipande cha kitambaa kimebanwa kwa pini. Tarehe hakuna. Mahali pake ameandika "send-off ya mdogo wake". Nilipomuuliza akasema, "Kaka, tarehe wanaisogeza kila siku, ila nguo ni ya shughuli ileile."

Ukurasa ule ndio uliopanga programu nzima. Oda zinakaa chini ya shughuli. Tarehe ikisogezwa unabadilisha mara moja, na sare zote za shughuli hiyo zinajipanga upya. Picha ya kitambaa inatangulia jina la mteja, maana fundi anaitambua kazi kwa kitambaa kwanza.

Saa nayo ilitudai muda. Simu inahesabu 07:00, sisi tunasema saa moja asubuhi. Hilo ni jepesi, programu inatunza saa ya simu na kuonyesha yetu. Ugumu ulikuwa usiku. Dada mmoja, Ijumaa usiku, alitaka kengele ya saa nane usiku amalizie gauni. Kwa hesabu ya simu siku inaanza saa sita usiku, hivyo saa nane usiku ya Ijumaa ilikuwa imeshapita hata kabla hajaamka siku hiyo. Kundi lilibishana sana, kisha tukakubaliana: ukichagua saa yoyote kati ya saa sita usiku na alfajiri, programu inakuandikia kwa kirefu, "usiku wa kuamkia Jumamosi", ndipo unahifadhi.

Lalamiko lililorudi kuliko yote ni kengele kutolia. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyolala bila kuguswa huahirisha kazi za programu ili kutunza chaji, na tangu Android 13 ya 2022 programu mpya lazima iombe ruhusa ya kutuma arifa. Juu ya hapo, kila kampuni ya simu ina sehemu yake ya kuweka masharti ya betri. Hapa kundi lilinibeba. Kila mwenye simu tofauti alituma picha za skrini akionyesha pa kubonyeza, nami nikazigeuza kuwa maelekezo ya Kiswahili ndani ya programu.

Si kila ombi nililipokea. Wapo waliotaka duka la vitambaa, wengine sehemu ya kuchati. Nilikataa, na bado naona nilifanya vizuri: fundi mwenye mkasi mkononi anahitaji kugusa mara mbili tu, aone kazi inayofuata.

Taarifa zote zinabaki kwenye simu ya fundi, bila bando. Vipimo na namba za wateja si mali yangu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka vitunzwe kwa uangalifu. Anayeogopa kuibiwa simu anatengeneza nakala yenye nywila na kuitunza mwenyewe.

Sasa hivi mjadala ni wa nguo zilizokwisha kushonwa ambazo wenyewe hawajaja kuchukua, na salio hawajalipa. Mafundi wanataka zikae ukurasa wake, zikipangwa kwa muda zilivyokaa kwenye henga. Ukurasa huo naujenga wiki hii.