Namba 14 si dume

Saa 11 alfajiri. Baridi ya Lushoto haina adabu. Chai ya rangi, kiporo cha makande, lenzi ya mkono mfukoni, na vifuko vya chandarua alivyonishonea mama mkwe. Mpaka leo anaamini ni vya kuhifadhia tangawizi.

Saa 1. Bodaboda hadi Irente, kisha miguu kuteremka upande unaotazama Mazinde. Ukiziacha kabichi nyuma, mara uko kwenye mawe na vichaka vikavu. Hapo ndipo kwa msandali. Usitarajie jitu la msituni; mingi yangu inanifika kifuani. Tena ni mdoezi: majani yake mabichi yanajitengenezea chakula, lakini chini ya ardhi mizizi yake imeng'ang'ania mizizi ya jirani, inanyonya maji na chumvichumvi. Mafuta ya manukato yako kwenye kiini cha mti, mizizini pia, kwa hiyo mwenye tamaa haukati, anaung'oa. Mwaka 2013, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kule Bangkok uliiweka misandali ya Afrika Mashariki kwenye Kiambatisho cha Pili, isiuzwe nje bila kibali.

Saa 3. "Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Bado unahesabu maua?" Mbuzi wake wamenizunguka. Yeye huchemsha mizizi ya msandali kwa maradhi ya tumbo, ila huchimba mmoja wa pembeni, akafukia. Ananyoosha fimbo kwenye namba 14 yangu. "Huyo mama, umemfunga utepe wa wanaume." Nikacheka kwa heshima.

Saa 4 hadi saa 7. Kazi yenyewe. Msandali una miti dume na miti jike, na bila maua au matunda huwezi kuitofautisha. Ua lenyewe ni dogo kuliko punje ya mchele, kijani-njano, petali tatu au nne. Dume huchanua kwa vishada. Jike mara nyingi ua moja moja. Nainamisha tawi la namba 14, napumua taratibu nisilitikise. Stameni, viungo vya kiume vya ua, ninaziona, kama nilivyoziona mwanzo nikaandika "dume". Safari hii nagusa kwa brashi laini: hakuna chavua hata chembe. Stameni tasa! Katikati kuna stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua, imegawanyika vipande vitatu, na chini yake ovari imeanza kutuna. Nzi mdogo ametua pembeni ya ua, analamba nekta, hana habari na aibu yangu.

Nachagua matawi matatu. La kwanza nalifunga kifuko nzi asifike, naliacha hivyo hivyo. La pili nalipaka chavua ya namba 9, kisha nalifunga kifuko. La tatu naliacha wazi; kifuko chake ni cha kuzuia ndege tu, nitakifunga maua yakishaanguka.

Saa 8. Makande, yamepoa.

Saa 9. Napima kwa hatua umbali wa kutoka namba 14 hadi dume wa karibu. Nikifika nakuta shimo jipya, udongo bado unyevunyevu. Hapo palikuwa na mti wenye utepe wangu, namba 11. Dume. Sasa inabidi chavua itoke namba 9, ng'ambo ya korongo, na mpagazi wake ni yule nzi. Hata ikifika, kila tunda ni mbegu moja tu.

Saa 12 jioni. Nafuta "dume" kwenye daftari, naandika "jike". Kwenye mstari wa namba 11 naandika tarehe. Kesho naanza kwa kumwomba babu radhi.