Sindano ndani ya shuka: uzoefu wangu katika chumba cha kufulia cha hospitali

Nilichomwa saa nane usiku, nikiwa nimebakiza mafurushi mawili nimalize kuchambua. Lilikuwa shuka la kijani la chumba cha upasuaji, limeviringishwa ovyo, bichi upande mmoja. Nilipolivuta nilitupe kwenye rundo lake, kitu kikanidunga kidole cha shahada. Sindano ilikuwa bado imeshikamana na bomba lake, na ndani ya bomba mlikuwa na damu.

Nilifanya yale tuliyoyarithi kwa waliotutangulia kazini. Nilikikamua kidole mpaka damu ikatiririka, nikamwagia ile klorini ya kufulia, nikafunga kitambaa, nikaendelea na kazi. Yote hayo ni makosa, na nayasema mapema kwa ajili ya atakayechomwa leo. Jeraha huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kulikamua hakusaidii kitu, na klorini huichoma nyama, ukawa na jeraha juu ya jeraha. Kibaya zaidi, nilisubiri. Nilimfikia daktari zamu ilipokwisha, saa tano baadaye, maana niliogopa kuomba ruhusa.

Daktari hakunigombeza. Alinieleza kwamba dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI baada ya kuchomwa huanzwa ndani ya saa 72, tena mapema kadiri inavyowezekana, na humezwa kwa siku 28. Nikadhani hilo ndilo janga lenyewe. Kumbe alikuwa na hofu ya kitu kingine. Akaniambia kwamba ukichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni kama watu 3 kati ya 1,000. Kwa homa ya ini aina ya B, kwa mtu ambaye hajachanjwa, unaweza kufika 30 kati ya 100, kutegemea wingi wa virusi katika damu ile. Na virusi hivyo huweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi, hata katika damu iliyokauka. Nilikumbuka mafurushi yanayokaa siku mbili kwenye korido yakisubiri mashine.

"Ulichanjwa lini?" akaniuliza.

Sikuwahi. Chanjo ya homa ya ini B ipo tangu miaka ya 1980. Wauguzi wote wa hospitali ile walikuwa wamechanjwa, madaktari wamechanjwa, wanafunzi wa uuguzi wamechanjwa kabla ya kuingia wodini. Sisi wa kufulia hatukuwa kwenye orodha kwa sababu orodha iliandikwa "wanaogusa wagonjwa". Hakuna aliyewaza kwamba damu ya mgonjwa huondoka wodini ikiwa ndani ya shuka, na kwamba lipo kundi la watu huligusa shuka hilo kabla halijafika majini. Nilichomwa chanjo ya kwanza asubuhi ileile, kwa kuwa hata baada ya tukio bado inaweza kukinga ikiwahiwa.

Halafu akaitazama mikono yangu. Ilikuwa imepasukapasuka kwenye viungo vya vidole, myekundu, yenye vidonda vidogo. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimetibiwa mikono ile kwa mafuta ya kila aina, nikaambiwa nina mzio, nikaambiwa nibadilishe sabuni ya kuogea. Yeye ndiye wa kwanza kuniuliza: "Unafanya kazi gani hasa? Nieleze siku yako tangu unapoingia." Nilipomweleza klorini, maji ya moto, na glavu zinazojaa jasho kwa saa kumi na mbili, akasema hiyo si ngozi yenye mzio, ni ngozi iliyochoshwa na kazi, na kila ufa pale ni mlango. Sikuhitaji kuchomwa sindano ili damu ya mtu iniingie. Aliniambia pia kwamba daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alihimiza swali hilo la kazi mwaka 1700, akawataka madaktari wenzake wamuulize kila mgonjwa riziki yake anaitafuta vipi. Miongoni mwa kazi alizozichunguza ni ya wanawake wafuao nguo. Nilikaa kimya kidogo niliposikia hivyo. Zaidi ya miaka mia tatu, na mimi nilikuwa nimepita kwa waganga watano bila kuulizwa.

Siku zile 28 nilizimaliza kwa kichefuchefu na usingizi wa vipande. Lakini kilichoninyima raha kuliko dawa ni karatasi. Fomu ya ajali kazini ilikuwa na nafasi ya "chanzo", na msimamizi wetu alikuwa ameandika maneno matatu: kutokuwa makini. Nilipomfuata akaniuliza, "Dada, kwani hukuvaa glavu?" Nilivaa. Zilikuwa zile nyembamba za uchunguzi, na sindano haiulizi hodi kwenye glavu ya namna hiyo. Akasema basi niwe mwangalifu zaidi siku nyingine. Nadhani alisema kwa nia njema. Lakini nilijiuliza: uangalifu gani unaoona ndani ya shuka lililoviringishwa, saa nane usiku, chini ya taa moja inayopepesa?

Nikanunua daftari.

Kila tulipokuta kitu kisichopaswa kuwa kwenye nguo, niliandika tarehe, saa, furushi limetoka idara gani, na kama kuna aliyeumia. Wenzangu hawakupenda. Wengi wetu tulikuwa vibarua, na kibarua anajua jina lake likitajwa sana, kesho hakuna kazi. Kwa hiyo tukakubaliana jambo moja ambalo, nikitazama nyuma, ndilo lililolifanya daftari lifae: hakuna jina. Si la aliyechomwa, si la muuguzi wa zamu. Tunaandika kitu, mahali na saa, tu. Baada ya hapo watu walianza kunifuata wenyewe. Mama mmoja aliyekuwa amefanya kazi pale kuliko sisi sote alinionyesha alama tatu kiganjani, za miaka tofauti, ambazo hajawahi kumwambia mtu. Katika miezi mitatu ya daftari walichomwa watu sita. Aliyekuwa ameripoti ni mmoja.

Nilipoketi kuhesabu, nilitarajia kuona vurugu, sindano zikitoka kila mahali. Sivyo. Karibu zote zilitoka idara mbili, na nyingi zilikuwa za mafurushi yaliyofungwa kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri. Nilikwenda kwenye moja ya idara hizo, mchana, bila daftari mkononi. Nilimkuta sista mmoja ninayemheshimu, nikamweleza. Alininyamazia, kisha akanishika mkono akanionyesha korido. Usiku wanakuwa wawili kwa wodi nzima. Boksi la kutupia sindano liko ukutani mwisho wa korido, karibu na sinki. Mgonjwa akianza kutapika damu ukiwa umetoka kumdunga mwenzake, unaiweka sindano pale pale kitandani uiokote baadaye. Baadaye haifiki. Shuka linakunjwa na mwingine asiyejua. "Mdogo wangu," akasema, "na mimi nimechomwa mara mbili."

Hapo ndipo nilipoacha kumchukia mtu nisiyemjua ambaye "aliniwekea" sindano. Uhaba wa watu juu ulikuwa unashuka mpaka chini kwetu ukiwa ndani ya mfuko wa nguo. Mimi na sista yule tulikuwa tunachomwa na kitu kimoja.

Yeye ndiye aliyetupatia nafasi kwenye kikao cha kamati ya kuzuia maambukizi. Tulikwenda wawili, na tukaiomba kamati iyaangalie mambo kwa mpangilio wa hatua ambao wao wenyewe wanaufundisha: kwanza iondoe hatari kama inaondoleka, halafu itenganishe watu nayo, halafu irekebishe namna ya kufanya kazi, na vifaa vya kujivika viwe vya mwisho. Kwetu mpangilio huo ulikuwa umepinduliwa, kila kitu kilianzia na kuishia kwenye glavu. Tuliomba maboksi ya sindano yasogezwe hadi mkono unapofika, karibu na kitanda. Tuliomba mifuko ya nguo isijazwe kupita theluthi mbili, tuchambulie juu ya meza badala ya sakafuni, na shuka lisikung'utwe. Hili la kukung'uta lina uzito wake. Vumbi la shuka la mgonjwa hubeba vijidudu vya ngozi yake. Mwaka 2018 huko Uingereza mhudumu wa afya alipata mpox, ugonjwa wa virusi unaoleta vipele vya ngozi, na waliochunguza waliona huenda aliipata alipokuwa akibadilisha matandiko ya mgonjwa. Na tuliomba chanjo kwa kila anayegusa nguo chafu, awe na mkataba au asiwe nao.

Maboksi yalisogezwa ndani ya mwezi mmoja, na sindano kwenye mafurushi zikapungua hata kabla glavu nene hazijafika. Meza ilichukua muda zaidi. Chanjo ilikuja, dozi tatu kwa miezi sita, na baada yake kipimo cha damu kuona kama mwili umejenga kinga. Taa ile ilibadilishwa siku ya pili, na mpaka leo sielewi kwa nini miaka yote haikuwezekana.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi, maana halikuwa na ncha ya kumwonyesha mtu.

Kijana mmoja wa mashine za kukaushia alikuwa anakohoa. Wiki ya kwanza tukasema vumbi la nyuzi, kila mtu hukohoa pale. Wiki ya tatu alikuwa amepungua, jasho la usiku likamlowesha. Kikohozi cha wiki mbili kinatosha kumpeleka mtu akapimwe kifua kikuu, na tangazo lenyewe lilibandikwa getini mwetu. Lakini alikuwa analipwa kwa siku. Siku ya kupima ni siku bila mshahara, na akikutwa nacho ni wiki kadhaa za kukaa pembeni. Akanywa dawa ya kikohozi akaja kazini. Naye, kama sisi sote, alipumzika kwenye kichumba cha kubadilishia nguo, watu tisa, kisicho na dirisha linalofunguka. Tulikuwa na dirisha moja, likapigwa misumari kwa sababu upepo ulileta vumbi kwenye nguo safi. Vijidudu vya kifua kikuu huelea hewani kwa saa nyingi katika chumba cha namna hiyo, hata mwenye kukohoa akiwa ameshatoka.

Alipopimwa hatimaye, alikutwa nacho. Sote tukapimwa. Mmoja wetu alikuwa na maambukizi ambayo hayajawa ugonjwa, akapewa dawa za kinga. Msimamizi alisema huenda aliupata nyumbani, au kwenye basi. Sikuweza kumpinga kwa hasira, nikamletea mfano. Machi 2020, katika jengo moja la ghorofa nyingi jijini Seoul, walipatikana watu 97 wenye UVIKO-19. Kati yao 94 walikuwa wa ghorofa ya 11 peke yake, kwenye ofisi ya kupokea simu, na wengi wao walikaa upande mmoja wa ukumbi, meza kwa meza, wakiongea siku nzima. Lifti na milango ya kuingilia walitumia pamoja na wengine jengoni. Kilichowatofautisha na ghorofa nyingine ni namna walivyokaa, walivyoongea, na muda waliokaa. Nikamwambia, chumba chetu cha kupumzikia ndiyo ghorofa yetu ya 11.

Misumari iling'olewa. Nguo safi zikahamishiwa chumba cha upande wa pili, jambo lililohitaji siku moja ya kubeba, na mapumziko ya chakula yakahamia nje chini ya paa la bati. Kijana wetu alitibiwa miezi sita na akapona. Lakini wiki alizokaa nyumbani hakulipwa. Tulimchangia sisi, kila siku ya malipo, na haikupaswa kuwa sisi. Mtu anayelazimika kuchagua kati ya kuficha kikohozi na kulaza watoto njaa, hajachagua. Wanaomlipa ndio waliomchagulia, na wameichagulia na hewa yetu.

Hapo ndipo tulipo bado. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi kazini, na Juni 2025 likapitisha mkataba wake wa kwanza unaohusu hatari za kibiolojia mahali pa kazi. Niliwasomea wenzangu chini ya bati, pamoja na kile kifungu cha Mkataba namba 155 wa 1981 kinachotaka alindwe mfanyakazi aliyejiondoa penye hatari kubwa ya papo kwa papo. Mama yule wa alama tatu aliniomba nirudie, polepole.

Vipimo vyangu vilitoka salama, cha wiki ya sita na cha mwezi wa tatu, na kinga ya homa ya ini B ikaonekana kwenye damu baada ya dozi ya tatu. Mikono inapona tangu tupewe glavu za kitambaa za kuvaa ndani ya zile za mpira. Fomu ya ajali siku hizi inauliza kitu kimetoka idara gani na saa ngapi, na nafasi ya "kutokuwa makini" haipo tena. Daftari analiandika mwingine. Mimi nimebaki na barua ya malipo ya siku za ugonjwa kwa vibarua. Mbili hazikujibiwa. Ya tatu tuliipeleka Jumatatu iliyopita, tukiwa kumi na mmoja, na safari hii tuliandika majina.