Maisha ya Tom Crean kwa mbao: nimefika kwenye mashua

Mashua imeshapata umbo. Mkuku, yaani uti wa chini, umekaa, mataruma ambayo ni mbavu zake yamekaa, mbao za ubavuni zimefungwa mpaka juu, na sasa niko kwenye sitaha. Kwa kipimo cha moja kwa kumi, urefu wake ni sentimita 69 hivi, kwa sababu James Caird yenyewe, mashua ya msafara wa Shackleton ninayoiiga, haikufika hata mita 7. Watu sita waliipanda tarehe 24 Aprili 1916 pale Elephant Island, kisiwa cha karibu na Antaktika, kuwatafutia wenzao msaada, wakavuka nayo maili kama 800 mpaka kisiwa cha South Georgia, katika bahari ambayo haina siku ya kutulia, na majira ya baridi yalikuwa yanaingia. Kila nikiiweka mezani na kuizunguka naona jinsi ilivyokuwa ndogo.

Mradi mzima ni vituo vinne: sleji ya kukokotea mizigo juu ya barafu, mashua, mlima na baa. Vyote ni vya mtu mmoja, Tom Crean wa Ayalandi. Scott na Shackleton, viongozi wa misafara ya Antaktika, waliandika, na nahodha Worsley aliandika. Crean alisafiri Antaktika mara tatu, Scott na Shackleton wote wawili walimtegemea, na hakuacha shajara yoyote, ila barua chache tu. Kwa hiyo nimeamua kumtafuta kwenye vitu alivyovishika: kamba ya kukokotea, jiko, kana, yaani mpini wa usukani. Kitu ukikichonga kwa mkono wako unalazimika kujua kilishikwaje.

Alizaliwa mwaka 1877 huko Gurtuchrane, nje kidogo ya kijiji cha Annascaul, jimbo la Kerry, kwenye familia ya wakulima yenye watoto wengi na ardhi isiyotosha. Mwaka 1893, akiwa bado kijana mdogo, alijiunga na jeshi la majini la Uingereza. Desemba 1901 meli yake ilikuwa New Zealand wakati Discovery ya Scott ilipopita pale ikielekea kusini. Baharia mmoja wa Discovery alimpiga mkubwa wake akatoroka, nafasi ikabaki wazi, Crean akajitokeza. Hakuwa na jina wala mtu wa kumsemea.

Sleji nimeshaimaliza na naipenda kuliko nilivyotegemea. Ni ya Februari 1912, safari ya pili ya Scott. Tarehe 4 Januari Scott aliwarudisha watu watatu, Teddy Evans, William Lashly na Crean, zikiwa zimebaki maili kama 150 za baharini kufika Ncha ya Kusini. Crean alilia. Njiani Evans akashikwa na kiseyeye hadi akashindwa kusimama, wenzake wakamfunga juu ya sleji ndani ya mfuko wa kulalia wakamkokota. Nguvu zilipowaishia, Lashly alibaki kumuuguza na Crean akaondoka peke yake kufuata msaada: kilomita 56 kwa miguu, bila hema, bila mfuko wa kulalia. Chakula chake kilikuwa biskuti tatu na vijiti viwili vya chokoleti. Alitembea saa 18 akafika kambi ya Hut Point, na muda mfupi baadaye dhoruba ikafunga kila kitu. Evans alipona. Biskuti zile tatu nimezichonga kwa mti wa mpera, hakuna inayozidi sentimita moja, nikaziweka mkononi mwa Crean badala ya mfukoni. Nataka mtu akisogea karibu azione kabla hajauona uso wake.

Turudi kwenye mashua. Nilipofika kwenye kalafati, kazi ya kuziba nyufa, nilimpelekea fundi mmoja wa majahazi anayefanya kazi karibu na kwetu. Aliishika, akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye kila mwanya, kisha akauliza: "Huko kwenye barafu, mwanangu, pamba waliipata wapi? Na mafuta ya sifa ya kupaka?" Nikamwambia, "Hawakuwa nayo, Mzee." Fundi wao, Harry McNish, aliziba nyufa kwa utambi wa taa, akapaka juu yake rangi za mafuta za George Marston, aliyekuwa mchoraji wa msafara, pamoja na damu ya sili. Sitaha aliiunga kwa mbao za makasha na za sleji, juu yake akatandika maradufu, kitambaa kizito cha matanga, iliyokuwa imeganda kama bati, ikabidi iyeyushwe kwenye moto wa mafuta ya sili kipande kwa kipande ndipo sindano ipite. Mlingoti wa mashua nyingine ukalazwa juu ya mkuku kuutia nguvu usije ukavunjika mgongo. Mzee alinyamaza kidogo, akasema: "Huyo fundi."

Nami nakubaliana naye. Shackleton hakumwombea McNish nishani waliyopewa wengine, na mimi nikiwa na mashua hii mikononi naona ilikuwa dhuluma.

Mazungumzo yale na Mzee yamenibadilishia mpango wa sitaha. Sitaifanya nyororo. Vipande vitaonekana vya upana tofauti, na mishono ya maradufu itakuwa mikubwa, kama ya watu waliokuwa wakishona vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Ndani, farumi, yaani uzito wa kuituliza mashua, imeshaingia. Wao walishona vifuko kwa mablanketi wakavijaza kokoto, na juu ya vifuko hivyo ndipo walipolala, kwenye maji yaliyotuama chini ya mashua, kwa zamu. Nimeacha sehemu moja ya ubavu wazi ili nafasi ile ionekane, kwa sababu ndiyo iliyokuwa jiko la Crean. Yeye ndiye aliyekuwa mpishi. Jiko la pampu lilibanwa kwa miguu ya watu wawili walioketi wakitazamana, migongo imeegemea ubavu huu na ule, na sufuria ikainuliwa kila wimbi lilipopiga. Chakula kilikuwa uji mzito wa nyama kavu na mafuta. Kilipikwa mchana na usiku, dhoruba au hakuna dhoruba, na naamini uji ule uliwafikisha sawa na hesabu za jua za Worsley, aliyeongoza njia.

Shackleton anakumbuka pia kwamba Crean akishika usukani alikuwa akiimba, na hakuna aliyewahi kuutambua wimbo wenyewe. Haukuwa na sauti ya kupanda wala kushuka, ila uliwachangamsha. Hapo ndipo nilipoamua nani akae kwenye kana. Atakaa Crean, mdomo wazi.

Kituo cha mlima bado ni michoro. Walitua upande usio na watu wa South Georgia tarehe 10 Mei. Shackleton, Worsley na Crean wakavuka milima ambayo hakuna aliyewahi kuivuka, saa 36 bila kulala, wakafika kituo cha wavua nyangumi cha Stromness tarehe 20 Mei. Walikuwa na kamba ya mita 15 hivi na tezo la McNish la kukatia ngazi kwenye barafu, na kwenye soli za viatu walipigilia skrubu zilizong'olewa kwenye mashua yenyewe. Skrubu hizo nitazing'oa kweli kwenye mashua yangu nizihamishe, matundu yabaki. Watu 22 waliobaki Elephant Island waliokolewa tarehe 30 Agosti 1916 kwa meli ya Chile, Yelcho, baada ya majaribio matatu kushindwa, na Crean alikuwemo katika yote.

Baa ndiyo inayonifikirisha zaidi. Crean alirudi Annascaul, akamwoa Ellen Herlihy, wakafungua baa wakaiita South Pole Inn. Inasemekana nishani aliziweka mbali na habari za kusini hakuzizungumza. Ndugu yake Cornelius, askari polisi, aliuawa mwaka 1920 katika vita vya uhuru wa Ayalandi, na mtu aliyelitumikia jeshi la majini la Uingereza hakuwa na sababu ya kujigamba wakati ule. Mwaka 1938 kidole tumbo kilimpasukia. Katika hospitali ya mji wa Tralee hakupatikana wa kumpasua, akapelekwa mji wa Cork kwa kuchelewa, akafariki tarehe 27 Julai. Kaburi alilozikwa alikuwa amelijenga mwenyewe.

Kwa sasa kazi iliyopo ni matanga. Mlingoti mkuu na ule wa galme, mdogo wa nyuma, imeshapigwa msasa, maradufu nyembamba imeloweshwa kwenye wanga iwe ngumu, na kana nimeichonga kwa mninga, ndefu kidogo ili mikono yote miwili ya Crean ienee. Nikimaliza kushona sitaha, yeye ndiye wa kwanza kupanda.