Kabla Hatujavuka Missouri

Kiangazi cha 2009 risasi zilikuwa adimu Minnesota kama sukari enzi zile za foleni kwetu. Tangu Obama achaguliwe, watu waliingiwa na hofu ya sheria mpya za bunduki, wakasomba kila kilichokuwa madukani. Za kipimo cha .223, ambazo ndizo tulizozitaka, zilikuwa zikiletwa asubuhi na kwisha kabla ya saa sita. Fundi mwenzangu kazini, Mmarekani mwenye mvi ambaye kiwanda kizima kilimwita Mzee, alianza kuzikusanya theluji ikiwa bado chini, boksi moja moja, kwa sababu alikuwa ameniahidi kunipeleka Magharibi, ng'ambo ya mto Missouri, kupiga preridogi.

Preridogi si mbwa. Ni jamii ya kindi, uzito wake kilo moja hivi, anaishi ardhini kwa makundi, mashimo mamia kwa mamia, na akiona hatari husimama wima kwenye tuta la shimo lake na kubweka. Wafugaji wengi wa South Dakota hawampendi kwa kuwa anagombania nyasi na ng'ombe wao, na baadhi yao humruhusu mgeni aje apige, ilimradi aombe kwanza na afunge mageti. Hakuna anayemla.

Hapo ndipo mke wangu aliposhikia. "Hamli, hamchuni ngozi, mnaendesha zaidi ya kilomita mia nane. Mnafuata nini hasa?" Nilimkumbusha kwamba nimekua nikilinda mahindi dhidi ya nyani kule milimani Usambara, na kwamba mkulima haulizi kama nyani analiwa. Akaniambia nyani tulikuwa tunawafukuza kwa makopo na kelele. Sikuwa na jibu la maana, na kusema kweli sababu yangu haikuwa nyasi za mtu. Nilitaka kujua kama naweza kumlenga kiumbe mdogo kiasi kile umbali wa mita mia mbili na zaidi, upepo ukivuma.

Jumapili moja jioni tukakutana mezani kwetu jikoni kupanga. Tulikuwa watatu: Mzee, mimi, na kijana wa Eldoret aliyekuwa anasoma chuo na kupanga chumba kwetu. Mzee alikuja na ramani, daftari, na yule mbwa wake mweusi, aina ya Labrador, aliyemfuata kila mahali, ambaye siku zote aliachwa nje barazani kwa amri ya mwenye nyumba, yaani mke wangu.

Karatasi zilitangulia. Mimi nilikuwa na kadi ya ukaazi wa kudumu, kwa hiyo sheria ya shirikisho haikunizuia kushika bunduki. Kijana alikuwa na viza ya masomo, na mwenye viza ya namna hiyo haruhusiwi hata kuigusa asipokuwa na leseni halali ya kuwinda. "Kwa hivyo mimi nanunua leseni kwanza, ndio nishike bunduki, kaka?" akauliza. Ndivyo. Leseni ya jimbo ikaandikwa juu kabisa kwenye daftari, na Mzee akaipigia mstari.

Halafu bunduki. Mzee alitaka tubebe angalau mbili kwa kila mtu, nami nikadhani ni ufahari wa Kimarekani mpaka aliponieleza. Risasi ndogo nyepesi ya .223 inatoka kwa kasi ya zaidi ya mita 1,000 kwa sekunde. Ukipiga mfululizo, mtutu unapata moto, shabaha inaanza kutangatanga, na chuma chenyewe kinalika upesi. Unaiweka moja ipoe, unachukua nyingine. Meza ya kukunja, mifuko ya mchanga ya kuegemezea, darubini, kipima umbali, vizibo vya masikio, maji mengi kuliko unavyodhani. Kuhusu risasi zisizo na madini ya risasi tulibishana kidogo. Tai na mwewe hula mizoga inayoachwa, na vipande vya madini hayo huwaua. Mzee alisema zisizo nayo ni ghali na hazipatikani. Kwa mwaka ule, alikuwa sahihi kuhusu kupatikana.

Ramani ndiyo iliyotuchukua muda. Mzee alikuwa ameweka alama ya X kwa kalamu nyekundu kwenye bonde la Conata, kusini mwa mji wa Wall, kwenye mbuga ya taifa ya Buffalo Gap. Huko hakuna kupiga, akasema, kwa sababu ya mnyama wa jamii ya kicheche mwenye miguu myeusi. Huyo anaishi kwa kula preridogi na kulala kwenye mashimo yao. Watu waliamini ametoweka duniani, hadi mbwa wa mfugaji mmoja huko Meeteetse, Wyoming, alipokuja nyumbani na mzoga wake mwaka 1981. Waliosalia wakazalishwa vizimbani, wengine wakaja kuachiwa Conata. Sisi tulikuwa tunakwenda kwenye ardhi ya mtu binafsi, mbali na hapo, kwa mfugaji aliyefahamiana na Mzee miaka mingi.

Mfugaji huyo alipiga simu tukiwa bado mezani. Mzee akaiweka sauti wazi. Lile kundi kubwa la kusini, alisema, limekwisha. Mwezi Mei watoto walikuwa wanatoka mashimoni kwa wingi, sasa kimya. Alitembea kule kwa miguu akakuta buibui wametanda utando kwenye midomo ya mashimo. Watu wa serikali walikuja na kitambaa cheupe, wakakitumbukiza shimoni, kikatoka na madoa meusi yanayorukaruka. Viroboto. Ng'ambo ya kijito lipo kundi dogo ambalo bado linabweka, tukitaka tuje tu.

Kisha akataja ugonjwa wenyewe: tauni.

Mzee akacheka kidogo. Kwake tauni ilikuwa mambo ya Ulaya ya kale, mikokoteni na maiti. "Basi imetuokolea risasi," akasema. Kijana naye akanitazama. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe, nikakiweka chini.

Mimi ni mtoto wa Lushoto. Tauni iliingia vijijini kwetu mwaka 1980, na kwa miaka zaidi ya ishirini ikawa inaondoka na kurudi. Walioiugua ni maelfu. Namkumbuka mtoto wa jirani aliyekuja uani kwetu akitembea miguu imetanuka, mtoki umemvimba kinenani, hawezi kufunga mapaja. Nakumbuka bwana afya na pampu yake mgongoni, na unga mweupe uliobaki chini ya kuta za udongo. Siku moja panya aliangukia karibu na mafiga akipepesuka mchana kweupe, na mama akatufokea tusimguse. Alimzoa kwa jembe, akamchoma moto. Usiku ule tukahamishwa kutoka kwenye mkeka, watoto wote tukabanana kitandani, kwa kuwa kiroboto haruki juu sana.

Nikawaambia lile ambalo kila mtoto wa kwetu alilijua. Mwenyeji akifa, kiroboto hafi naye. Anatafuta mwili mwingine wa joto. Pale palipokaa kimya ni hatari kuliko pale panapobweka. Kwa hiyo kundi la kusini hatukanyagi, hata kwa kupiga picha. Suruali ndani ya soksi, dawa ya wadudu kwenye nguo, hakuna kuokota mzoga. Ugonjwa unatibika kwa antibiotiki ukiwahiwa, na Marekani huwapata watu wachache mno kwa mwaka, ila homa yoyote ndani ya wiki moja baada ya safari, mtu anakwenda hospitali na anamtajia daktari alikotoka. Mzee aliandika yote bila kubisha.

Nilipomalizia kwamba Labrador haendi, akafunga daftari. Mbwa anaingiza pua kila shimo, nikamwambia, halafu analala katikati yetu kwenye gari. Akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake nilimpigia mama. Nilidhani atafurahi kwamba elimu yake imefika mbali. "Mwanangu," akasema, "tauni ulikingwa nayo ukiwa mdogo, leo unaifuata kwa gari?" Kisha akauliza kama hao wanyama wanaliwa.

Mzee hakunisemesha kazini siku kadhaa. Wiki ya safari ilipofika akatokea mlangoni kwetu jioni, mkono mmoja kamba ya mbwa, mwingine gunia la chakula chake. Binti yake alikuwa safarini, na kwenye hoteli za mbwa alisema hamwachi hata kwa bure. Mke wangu alimtazama Labrador, akanitazama mimi, akaenda kufungua gereji mwenyewe. Atalala hapo, akasema, bakuli lake lisiingie jikoni, na watoto watamtembeza wao.

Tuliondoka alfajiri. Mke wangu alitoka na kanga yake hadi kwenye gari, akatukabidhi chupa ya chai na chapati. "Nyinyi mnakwenda kutafuta viroboto," alimwambia Mzee kwa Kiingereza chake cha taratibu, "mimi mnaniachia mbwa."